Kiswahili cha Kufikia: Siku za Kwanza za Mfanyakazi Mgeni Kampala

Historia ya Kampala huandikwa kwa vilima vyake. Mengo ni ya Kabaka, Namirembe ya Waprotestanti, Rubaga ya Wakatoliki, Kibuli ya Waislamu, Nakasero ya serikali ya kikoloni na Makerere ya wasomi. Mpangilio huu unamfaa mtalii, na mitihani ya historia inaupenda. Hata hivyo, unamsahau mtu ambaye bila yeye mji usingejengwa: yule aliyefika jana jioni, hana kilima, ana jina la ndugu yake kwenye kipande cha karatasi, na anakusudia kufanya kazi mwaka mmoja au miwili kisha arudi kwao.

Katika makala haya tunataka kuzitazama siku za kwanza za mtu huyo, hasa kati ya mwaka 1931 reli ilipofika Kampala na mwaka 1970 maelfu ya wafanyakazi wageni walipoamriwa kuondoka. Tunaandika tukiwa walimu wa Kiswahili, kwa hiyo swali letu ni la lugha. Alimsemesha nani, kwa lugha gani, na lugha hiyo ilimfanyia nini? Jibu letu tulitangulize mapema ili msomaji aweze kubishana nasi tangu mwanzo. Kiswahili ndicho kilichompokea, na Kiswahili hicho hicho ndicho kilichoendelea kumtambulisha kuwa mgeni hata alipokuwa ameishi mjini miaka mingi.

Wageni wa Kabaka

Waliokuja na Kiswahili kwanza hawakuja kutafuta vibarua. Mwaka 1844 mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika katika ikulu ya Kabaka Suna II, na wengine kutoka Unguja na Unyanyembe wakafuata njia hiyo. Ikumbukwe kwamba wakati huo mji mkuu wa Buganda ulikuwa ukihama kutoka kilima hadi kilima, kwa hiyo mgeni hakuuliza mji uko wapi bali Kabaka yuko wapi. Wala hakujitafutia malazi. Alipewa mahali pa kukaa, akaletewa chakula, kisha akangoja aitwe. Kungoja ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza. Mwingereza Speke, aliyefika kwa Kabaka Mutesa I mwaka 1862, ameacha maelezo marefu ya kungoja huko, na hasira zake zinaonekana wazi. Mazungumzo yake na Kabaka hayakwenda moja kwa moja. Speke alisema na Sidi Mubarak Bombay kwa Kihindustani, na kutoka hapo maneno yalipita kwa wakalimani mpaka yakafika kwenye Luganda. Kiswahili kilikuwa daraja la katikati, nalo lilikuwa daraja la heshima.

Mwaka 1875 Stanley alipoondoka Buganda alimwacha Dallington Maftaa, kijana aliyesomeshwa na wamisionari huko Unguja. Maftaa alibaki kwa Mutesa akimsomea Maandiko na kumwandikia barua. Tukimtazama kwa macho ya leo, huyu ni mfanyakazi mgeni kamili: kijana aliye mbali na kwao, mwenye ujuzi unaohitajika, anayeishi kwa fadhili za mwenyeji wake. Waingereza wa Kanisa la Anglikana walipofika mwaka 1877, na mapadri wa Kifaransa mwaka 1879, walikuta Kiswahili kikieleweka ikulu. Masomo ya mwanzo ya dini yalipitia humo kabla Luganda haijaandikiwa vitabu. Ndiyo maana hadi leo Luganda ina ekitabo, essaawa, emmeeza, ssabbuuni na edduuka. Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa maneno hayo. Hata anayebisha mlangoni husema koodi, na aliye ndani akamjibu kalibu.

Tunayataja haya kwa sababu mara nyingi tunasikia ikisemwa kwamba Waganda wamekichukia Kiswahili tangu zamani. Si kweli. Kwa muda wa kizazi kizima kilikuwa lugha ya wageni wakubwa, ya bidhaa nzuri na ya kusoma. Kilichobadilika ni aina ya mgeni.

Kiswahili kinahamia kambini

Mwezi Desemba mwaka 1890 Kapteni Lugard alifika Mengo na kupiga kambi kwenye kilima kidogo kilichoitwa Kampala, ambacho sasa tunakiita Kampala ya Zamani. Hakungoja aonyeshwe mahali pa kukaa, na jambo hilo peke yake lilikuwa habari. Alikuja na wapagazi kutoka pwani na askari wa Kisudani, na mwaka 1891 akaongeza askari wengine wa Kisudani aliowatoa upande wa Ziwa Albert. Kutoka katika kundi hili na vizazi vyake ndipo tulipopata Wanubi wa Bombo na wa vitongoji vya Kampala.

Hapo Kiswahili kiliteremka ngazi. Kikawa lugha ya kambi, na kambi ina sarufi yake ambayo kitenzi chake kikuu ni cha kuamuru: lete, weka, simama, toka, upesi. Askari wa King's African Rifles waliendelea nayo, polisi wakaipokea, wasimamizi wa barabara na majengo wakaifuata. Hatudai kwamba kila aliyesema Kiswahili alisema hivyo. Tunachosema ni kwamba mkazi wa Buganda aliyekisikia lugha hii kwa mara ya kwanza mwaka 1895 au 1910 huenda alikisikia kutoka kwa mtu aliyeshika bunduki au fimbo.

Mwaka 1927 Gavana Gowers alipendekeza Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika shule na ofisi za Uganda. Upinzani ulikuwa mkali, na mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa II mwenyewe aliandika kuupinga mpango huo. Sababu hazikuwa za lugha tu. Katika miaka hiyo hiyo Tume ya Hilton Young ilikuwa ikichunguza uwezekano wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika, na Waganda waliogopa kwamba wakimezwa na Kenya ardhi yao ingefuata mkondo wa ardhi ya Wakikuyu. Kiswahili kilionekana kuwa mlango wa kupitishia mambo hayo. Wamisionari, ambao walikuwa wamekwisha kuijengea Luganda maktaba yake, nao walikuwa na sababu zao. Mwishowe mpango ulififia.

Matokeo yake kwa mgeni wetu ni haya. Mtoto aliyezaliwa Mengo alisoma kwa Luganda na Kiingereza, na Kiswahili hakukikuta darasani. Kibarua aliyetoka Kisumu au Kakamega alikuja nacho tayari, amekiokota shuleni, sokoni au kwenye reli. Wakikutana, mmoja anayo lugha ambayo mwenzake hakufundishwa na wala hakutaka kufundishwa.

Kushuka kwenye treni

Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na kwa miaka 30 iliyofuata msafiri wa Kampala alivuka Ziwa Viktoria kwa meli mpaka Port Bell. Mwaka 1931 njia ya kupitia Eldoret, Tororo na Jinja ilikamilika, na treni ikaingia Kampala yenyewe. Kuanzia hapo kijana wa Nyanza au wa Buluhya aliweza kufika bila kuvuka maji, na wengi walifika.

Tunayo bahati kwamba wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, iliyokuwa pale Makerere, waliandika mengi juu ya wafanyakazi wageni. Audrey Richards na wenzake walichapisha mwaka 1954 utafiti kuhusu wahamiaji katika Buganda. Southall na Gutkind walichapisha mwaka 1957 kitabu kuhusu Kisenyi na Mulago. Baadaye wakafuata David Parkin, aliyetafiti mitaa ya Nakawa na Naguru, na Ralph Grillo, aliyewachunguza wafanyakazi wa reli. Ukizisoma kazi hizi pamoja, wiki ya kwanza ya mgeni inaanza kuonekana. Anapokelewa na ndugu au mtu wa kijijini kwao. Analala sakafuni katika chumba kimoja pamoja na mwenye chumba na pengine wageni wengine. Kazi anaipata kwa kuambiwa na aliye kazini tayari. Na kabla hajapata mshahara wa kwanza anakula kwa mwenyeji wake, deni ambalo halina kitabu lakini halisahauliki.

Kuna tofauti moja ambayo sisi walimu wa lugha tunapaswa kuikazia macho. Wahamiaji kutoka Rwanda na Burundi, waliofika kwa wingi kwa njia ya kusini-magharibi kulima pamba na kahawa, walilala katika nyumba ya Mganda aliyewaajiri au karibu nayo. Hao walijifunza Luganda, na Richards ameeleza jinsi wengi wao walivyochukua majina na desturi za wenyeji, wakapata viwanja na wasirudi tena. Mfanyakazi wa mjini hakupokelewa na Mganda. Alipokelewa na mtu wa kwao, akasimamiwa kazini na mtu wa kabila la tatu, akanunua sukari kwa Mhindi. Kwa mahusiano yote hayo, isipokuwa na ndugu yake, lugha iliyomfaa ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo si kweli kwamba watu wengine wana kipaji cha kujifunza lugha ya wenyeji na wengine hawana. Swali ni ulilala kwa nani usiku wa kwanza.

Maneno yenyewe yanashuhudia. Katika Luganda kibarua wa kutoka mbali aliitwa omupakasi, na kufanya kazi ya namna hiyo ni okupakasa. Msomaji atalitambua neno letu mpagazi ndani yake. Kibarua nalo ni barua ndogo, yaani kile kikaratasi cha kazi, kabla ya kuwa jina la kazi yenyewe na la mtu anayeifanya. Lakini neno linalotufurahisha zaidi ni posho. Kwa Mtanzania posho ni fedha au chakula anachopewa mtu kwa ajili ya matumizi. Nchini Uganda posho ni ugali. Mgeni kutoka Dar es Salaam akiambiwa katika hoteli ya Wandegeya kwamba leo kuna posho na maharage, anaweza kudhani kuna malipo. Maana hii haikuanguka kutoka mbinguni. Unga wa mahindi ndio uliokuwa chakula cha kugawiwa vibarua, askari, wafungwa na wanafunzi wa bweni, mpaka jina la mgao likawa jina la chakula. Mganda mwenye migomba yake alikula matooke. Aliyekula posho alikuwa mtu wa kupimiwa. Kwa maoni yetu hakuna ukurasa wa historia unaoonyesha hali ya mfanyakazi mgeni kwa ufupi kuliko neno hilo.

Chumba, saa na kungoja

Kampala ya wakati wa ukoloni ilikuwa miji miwili iliyogusana. Upande mmoja palikuwa na manispaa, yenye Nakasero na Kololo, maduka ya Wahindi na ofisi. Upande wa pili palikuwa na Kibuga, mji wa Kabaka, ambamo ardhi ilimilikiwa na Waganda kwa utaratibu wa mailo uliotokana na Mkataba wa 1900. Mfanyakazi wa Kiafrika alihitajika katika manispaa mchana, lakini pa kulala aghalabu alipapata Kibuga: Kisenyi, Katwe, Mulago na kwingineko. Mwenye nyumba alikuwa Mganda, mara nyingi mwanamke, naye alijenga vyumba mstari mmoja vinavyotazama ua. Vyumba vya namna hii Kampala huviita mizigo, kila kimoja muzigo. Mgeni wa Kiswahili aliyezoea mzigo wa kubeba kichwani huchukua muda kuelewa kwamba hapa analala ndani yake.

Kuna mengine ya kumkwaza. Akimwuliza mwenye nyumba kama chumba kipo, akaambiwa linda, asidhani amepewa kazi ya ulinzi, kwa kuwa okulinda katika Luganda ni kungoja. Akimsikia muuza ndizi akisema okutunda, hakuna mtu anayechuma matunda, bali ni kuuza. Lugha mbili ndugu zinapokaribiana hivi, makosa yake huwa ya kuchekesha zaidi kuliko ya lugha zisizojuana. Kwa bahati nzuri saa hazimsumbui. Luganda huhesabu saa kama Kiswahili, kuanzia mapambazuko, na ssaawa emu ni saa moja asubuhi. Wageni wa Ulaya ndio waliofika saa sita kabla ya wakati au saa sita baada yake.

Lakini kikwazo kikubwa hakikuwa msamiati. Kilikuwa maamkizi. Mganda huamkia kwa urefu. Hukuuliza umelalaje au umeshindaje, na neno la ssebo au nnyabo halikosekani, yaani bwana na bibi. Mgeni aliyejifunza Kiswahili cha kazini hakuwa na kitu cha kulingana na hayo. Alikuwa na jambo, kisha haja yake. Katika Kiswahili chenyewe heshima imejaa tele: shikamoo, hujambo bibi, samahani, naomba, tafadhali, kitenzi cha dhamira tegemezi kinacholainisha amri. Hivyo vyote vilibaki Pwani au ndani ya vitabu. Kilichosafiri kwa treni ni kile kilichohitajika kupakua mabehewa. Basi mwenye nyumba wa Kisenyi, akisikia kijana anamwambia lete maji, hakusikia lugha ya Mombasa. Alisikia askari. Mtu akikutana na lugha kupitia dirisha dogo kama hilo, akahukumu kwamba ni lugha isiyo na adabu, tunaweza kumlaumu kwa haraka yake lakini si kwa masikio yake.

Nsambya, Nakawa na Naguru

Baadhi ya wafanyakazi hawakuhitaji kwenda Kibuga. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948, liliwapa wengi wa watu wake nyumba huko Nsambya. Mfanyakazi wa reli aliweza kuhamishwa kutoka Mombasa kwenda Nairobi na kutoka Nairobi kwenda Kampala, akakuta nyumba za aina ile ile, vyeo vile vile na Kiswahili kile kile cha karakana. Kwa huyu siku za kwanza zilikuwa nyepesi sana. Tungethubutu kusema zilikuwa nyepesi mno, kwa maana aliweza kumaliza miaka bila kulazimika kuzungumza na mwenyeji.

Nakawa na Naguru zilijengwa na serikali mashariki ya mji kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika, Nakawa kwa wenye kipato cha chini zaidi na Naguru kwa waliowazidi kidogo. Parkin alikaa huko mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962 na Kenya mwaka 1963. Aliwakuta Wajaluo na Waluhya wengi, wenye vyama vyao vya kusaidiana, vya ukoo na vya eneo la nyumbani. Chama kilikuwa benki, baraza la wazee na shirika la mazishi kwa pamoja. Kijana mgeni aliingizwa humo mapema. Kwa jirani wa kabila jingine, alitumia Kiswahili. Kwa kijana aliyetaka kuonyesha elimu, Kiingereza. Utafiti wa Carol Myers Scotton kuhusu lugha za Kampala, uliochapishwa mwaka 1972, ulionyesha picha inayofanana na hiyo: Kiswahili na Kiingereza viligawana mazungumzo ya watu wa makabila mbalimbali makazini na mitaani, na Luganda haikuwa lugha ya kuwaunganisha wote ingawa wenyeji walikuwa ndio wenye mji.

Kwa upande mwingine palikuwapo wageni wa Makerere. Kijana Julius Nyerere alifika huko kutoka Tanganyika mwaka 1943, na wengi wengine wa Kenya, Tanganyika na Unguja walipita katika lango lile. Wao walipewa kitanda, chakula na Kiingereza siku hiyo hiyo ya kwanza. Historia yao imeandikwa sana, nasi hatuna haja ya kuirudia.

Mwezi wa Oktoba 1970

Wengi waliokuja kwa mwaka mmoja walikaa kumi, na waliokuja kwa miwili walizalia watoto Nakawa. Lakini nyumba ilikuwa bado Nyanza. Huko ndiko walikojenga, huko ndiko walikopeleka maiti zao. Kisheria pia walibaki wageni, maana baada ya uhuru mpaka uliokuwa mstari wa ramani uligeuka kuwa swali la uraia. Mwaka 1969 zikatungwa sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizombana asiye raia. Mwezi Oktoba 1970 serikali ya Milton Obote iliamuru wafanyakazi wasio na ujuzi maalumu ambao si raia waondoke. Wakenya wapatao 30,000, wengi wao Wajaluo, wakafungasha.

Sababu zilikuwa za uchumi na siasa: ukosefu wa kazi, uhusiano na Kenya, na hofu ya vyama vya wafanyakazi. Hatutaki kudai kwamba watu walifukuzwa kwa ajili ya Kiswahili. Lakini jiulize, mwalimu mwenzetu, ni nani aliyekuwa rahisi kuonyeshwa kidole. Munyarwanda wa shambani, mwenye jina la Kiganda na watoto wasemao Luganda tu, alikuwa amefifia ndani ya wenyeji. Mfanyakazi wa Nakawa, ambaye kwa miaka 15 alinunua, alipanga na aligombana kwa Kiswahili, alijulikana kwa kufungua kinywa. Lugha iliyomrahisishia wiki ya kwanza ilikuwa imemwondolea haja ya kuitafuta ile ya pili. Hili ndilo jambo ambalo sisi wapenzi wa Kiswahili hatupendi kulisema tunapokisifu kuwa lugha ya kuunganisha. Iliwaunganisha wageni wao kwa wao.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1973, Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Tangazo hilo halikujenga madarasa wala kuwaandaa walimu, na kwa raia wengi liliongeza tu harufu ya kambi. Mwezi Aprili 1979 askari wa Tanzania waliingia Kampala, wakaitwa wakombozi, nao walileta Kiswahili kilichokuwa kimepitia shule za msingi, redio na mikutano ya vijiji. Hicho kilikuwa Kiswahili cha aina nyingine, lakini bado kilivaa sare.

Waliofika jana

Leo nyumba za Nakawa na Naguru hazipo, zilibomolewa mwaka 2011. Wageni wapo. Soko la pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki lilianza tarehe 1 Julai 2010, na wanafunzi na wafanyakazi kutoka Kenya na Tanzania huingia kwa mabasi ya usiku. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, na Wakongo waliotoka Bukavu, Goma na kwingineko wanapanga vyumba Katwe na Nsambya, mitaa ile ile ya wageni wa zamani. Wanawake wao huonekana wakitembeza vitenge na mapambo mjini. Nao pia wiki ya kwanza wanaipitisha kwa Kiswahili. Ajabu ni kwamba Kiswahili chao wakati mwingine kiko karibu na Luganda kuliko chetu cha vitabuni. Sisi tunafundisha vitu, wao husema bintu, na Mganda husema ebintu. Mwanafunzi anayecheka bintu darasani angefaa aulizwe ni nani atakayeeleweka haraka zaidi kwa mama mwenye nyumba.

Kwa upande wa sheria, marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwa mara ya kwanza, basi, mtoto wa Kampala atakikuta darasani kabla ya kukikuta kwa askari au kwa kibarua. Hilo linabadilisha kazi yetu. Darasani hatufundishi tena wageni watarajiwa peke yao. Tunawafundisha pia wenyeji watakaowapokea.

Tungependa kupendekeza jambo moja dogo kwa wenzetu wanaotayarisha masomo ya wanaoanza. Vitabu vingi vina sura ya maamkizi, kisha familia, kisha rangi na hesabu. Kuomba chumba hakumo, ingawa hilo ndilo jambo la kwanza analolifanya mtu halisi katika mji mgeni. Waandikieni wanafunzi mazungumzo mawili ubaoni. Katika la kwanza mgeni anasema: Mama, chumba iko? Pesa ngapi? Katika la pili anasema: Hodi nnyabo. Habari za tangu asubuhi? Samahani kwa kukusumbua. Nimeambiwa una chumba cha kupangisha, nami ningependa kukiona ukipata nafasi. Wapangeni wawili wawili, mmoja awe mgeni na mwingine mwenye nyumba, kisha wabadilishane nafasi. La kwanza wengi wao wanalijua kabla ya kujiandikisha, na walilipata bure. La pili lina nge- ya masharti, lina ki- na lina samahani, na kwa utaratibu wa sasa wanafunzi hulifikia baada ya wiki nyingi. Sisi tungelileta katika wiki ya kwanza, hata kama sarufi yake itaelezwa baadaye.